Umeipenda nyumba ya Mji wa Kale? Uliza kwanza ardhi ni ya nani

HUENDA uliijua Mombasa kama walivyoijua wengi wetu: ukiwa ndani ya basi la shule, shati limejaa vumbi la Voi na mwalimu wa Historia akihesabu vichwa kila mliposimama. Mkapelekwa Fort Jesus. Mkaambiwa kuwa Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na kwamba Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hadi walipoiteka 1698. Mkapigwa picha mkiwa mmepanda mizinga, mkala viazi vya karai kwa ukwaju, mkarudi ndani ya basi, na safari ya bara ikaanza.

Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, ulisimama mlangoni ukaondoka bila kupiga hodi. Mji wenyewe ulikuwa nyuma yako, hatua chache tu ng'ambo ya barabara.

Safari nyingine ukijaliwa kufika, ingia Ndia Kuu. Usidhani jina hilo limekosewa tahajia. Kwa Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, njia ni ndia, na hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mji. Nenda jioni, baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limejificha nyuma ya maghorofa na vichochoro vimeanza kupoa. Utaona roshani za mbao zilizotobolewa mapambo hata ukadhani ni kitambaa cha kufumwa. Utaona milango ya nakshi, mingine imetunzwa ikang'aa, mingine imekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Wazee wameketi barazani. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake, dele mkononi na makaa yakiwaka chini yake. Kutoka chumba cha chini utasikia nyundo ikigonga patasi. Ukivuka kichochoro, mlio huo unapokewa na cherehani.

Kila ninapowapeleka wageni wangu huko, hatua mia mbili hazijatimia kabla mmoja wao hajanivuta kando na kuniuliza: hivi nyumba kama hii yaweza kununuliwa kwa pesa ngapi? Ni swali zuri, lakini si la kwanza kuulizwa. Makala haya nimemwandikia huyo mwenye kuuliza, kabla hajaitoa akiba yake kwenye Sacco.

Tuanze na kile kinachomvutia. Siku hizi wataalamu wa mipango ya miji hupenda kuzungumza juu ya mitaa ya wabunifu, yaani mahali ambapo fundi au msanii huishi, hufanya kazi yake na kuiuza papo hapo. Kuna miji ya ulaya na bara letu inayotumia fedha nyingi kujenga mitaa ya aina hiyo. Mji wa Kale haukupangwa hivyo na mtu yeyote. Umekuwa hivyo kwa sababu ya jinsi nyumba zake zilivyo: chini ni duka au karakana, juu ni maskani, na kati ya jirani na jirani pana upana wa mkokoteni mmoja. Fundi hana nauli ya kulipa. Chakula chake cha mchana huteremshwa kwa ngazi. Mtoto akitoka madrasa hupitia kwa babaye, akashika msasa, na kabla hajafikisha miaka kumi na miwili ameshajua mfaa ni kipi na mwimo ni upi.

Mfaa, kwa faida ya wasiojua, ni ule mti wa katikati unaofunika pale vibao viwili vya mlango vinapokutana, na aghalabu ndipo fundi anapomwaga ustadi wake wote. Miimo ni nguzo za pembeni, na juu yake hukaa kizingiti chenye maua, mizabibu au maandishi. Kuna milango ya mtindo wa Kiswahili na kuna ile iliyoathiriwa na mafundi wa Kihindi waliofika pwani hii karne ya kumi na tisa. Mlango mmoja mkubwa ni kazi ya miezi, na mbao nzuri kama mvule au mbambakofi si rahisi kupatikana kama zamani. Ndiyo maana mafundi wengi leo huishi kwa vitu vidogo: fremu za vioo, masanduku, viti, na milango ya hoteli pale bahati inapowaangukia.

Katika chumba cha pili hushonwa kanzu na kutiwa darizi shingoni. Kofia hudariziwa majumbani, tundu baada ya tundu, na mara nyingi wanaofanya kazi hiyo ni wanawake ambao hutawaona dukani. Usiku wa kuamkia harusi mwenye sifa ni mchoraji wa hina. Na ukitembea kidogo hadi Mtaa wa Biashara, utakuta leso zimetundikwa kuanzia chini hadi darini, na wanunuzi wamesimama wakisoma jina la leso kwanza, bei baadaye.

Kisha kuna kazi isiyoonekana kwa macho. Mombasa ndiyo iliyomlea Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mwaka 1840 na ambaye tungo zake bado zinafundishwa katika vyuo vikuu vyetu. Katika zama zetu mji huo huo ulitoa Ahmad Nassir Juma Bhalo, Malenga wa Mvita, na Abdilatif Abdalla, aliyeandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani na yakachapishwa mwaka 1973. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa upande wa Lamu, aliishi na kufanya kazi Mombasa. Yeye ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga. Taarabu nayo ilipata hapa Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na mpiga udi Zein l'Abdin, aliyefariki 2016. Hawa hawakuwa watu wa kutazamwa jukwaani tu. Walikuwa majirani wa watu, na harusi ilipokuwa uani au kwenye kichochoro kilichofungwa kwa turubai, mtaa mzima ulisikiliza utake usitake.

Wala usidhani haya yalikufa na wazee. Karibu na ngome, kwenye barabara iliyopewa jina la Liwali Mbarak Ali Hinawy, kuna kituo cha Swahilipot ambako vijana hukutana kwa ajili ya kompyuta, ushairi, muziki na michezo ya kuigiza. Nimewahi kumwona kijana pale akichora kwenye kompyuta ua alilolinakili kutoka mlango wa nyumba ya nyanya yake.

Basi si ajabu kwamba rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili kutoka Nairobi, alikwenda huko kwa likizo ya Agosti na kurudi akiwa na ugonjwa. Alikuwa ameiona nyumba upande wa Kibokoni: ghorofa mbili, madirisha ya buluu, ngazi ya mbao na baraza ya kukalia watu sita. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno. Alimwonyesha karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono miaka ya sabini, yenye sahihi za mashahidi na mhuri, kisha akamwomba arubuni ili asimpe nyumba mtu mwingine. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya fleti ya vyumba viwili Nairobi. Rafiki yangu alikwishapiga hesabu ya Sacco, akabakisha siku moja tu ya kutoa pesa.

Jioni hiyo alirudi kuitazama nyumba yake, maana moyoni ilikwishakuwa yake. Kwenye baraza ya jirani palikuwa na mzee. Kwa bahati nzuri rafiki yangu ana adabu, akamsabahi. Mzee akamkaribisha kahawa, akamsikiliza, kisha akamuuliza: "Mwanangu, wanunua nyumba, au wanunua na ardhi yake?"

Hakuelewa. Na nina hakika, msomaji, hata wewe wa Nairobi, Nakuru au Kisumu huelewi, kwa sababu kwetu bara nyumba na ardhi ni kitu kimoja. Ukiuziwa nyumba umeuziwa na udongo ulio chini yake.

Nyumba bila ardhi

Mombasa sivyo. Hapa mtu anaweza kumiliki kuta, paa, mlango na kila msumari, na ardhi ikawa ya mtu mwingine kabisa. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na anakaa hapo kwa ridhaa ya huyo mwenye ardhi. Nyumba anaweza kuiuza, anaweza kuirithisha, anaweza kupangisha vyumba vyake. Ardhi hana.

Mambo haya yana historia. Ukanda wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, ingawa Waingereza ndio waliotawala. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda huo. Aliyekuja mbele na kuthibitisha kwamba ardhi ni yake alipewa hati. Ile ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Watu wa kawaida wengi hawakuandikisha chochote, ama kwa kutojua, ama kwa kuona ajabu kuambiwa wathibitishe mahali walipozikwa babu zao. Reli nayo ilikuwa imeanzwa kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikakua, wafanyakazi wakamiminika na kila mmoja alihitaji pa kulala. Wenye ardhi wakaona heri kukodisha viwanja. Mpangaji akajenga mwenyewe, kwanza kwa udongo na makuti, baadaye kwa mawe. Majengo, Likoni na Kisauni zimejaa nyumba za namna hii, na katika Mji wa Kale pia utakutana nazo.

Kwa mkazi aliyezoea, mpango huu si mbaya hata kidogo. Umewapa maskini wengi paa. Kwa mgeni mwenye akiba ya miaka kumi na mitano, ni shimo. Benki hutaka hati ya ardhi ndipo ikukopeshe. Mwenye ardhi akifariki na wanawe wakaiuza kwa tajiri, huyo tajiri hataki kodi yako ya kiwanja, anataka uondoke. Utakwenda mahakamani, naam, lakini utaingia huko ukiwa umeshika karatasi ya mauziano ya kuta.

Kuna jambo la pili. Nyumba au ardhi inaweza kuwa wakfu, yaani mwenyewe aliitoa kwa ajili ya Mungu ili mapato yake yasaidie msikiti, mayatima, au kizazi chake mwenyewe. Mali ya wakfu haiuzwi, na kwa Mwislamu hilo ni jambo la imani kabla halijawa jambo la sheria. Tume ya Wakfu ndiyo yenye kusimamia mali nyingi za aina hii, na ofisi yake ipo Mombasa. Kuuliza hakugharimu sana. Wapo walionunua wakfu bila kujua, na wapo waliouziwa na watu waliojua vizuri.

La tatu ndilo lililomkuta rafiki yangu. Yule mzee wa barazani alimweleza kwamba ardhi ya nyumba ile ilikuwa na hati, na hati ilikuwa safi. Lakini ilikuwa bado kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na warithi walikuwa kumi na mmoja. Muuzaji mpole alikuwa mmoja wao. Wengine walikuwa Malindi, wawili Uarabuni, mmoja alisemekana yuko Uingereza. Kwa mirathi ya Kiislamu kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, mume, mke, mwana wa kiume na wa kike, na hakuna awezaye kuuza fungu la mwenzake. Shauri kama hilo, ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wanakubali kwenda huko, husikilizwa katika Mahakama ya Kadhi. Mpaka mirathi igawanywe na warithi wote watie sahihi, mtu aliyepokea arubuni amepokea zawadi.

Sikulaumu ukiuliza kama muuzaji alikuwa tapeli. Mimi sidhani. Kwa maoni yangu aliamini kabisa kwamba nduguze watakubali, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki akiziba matundu ya paa kila masika wakati wao wakituma salamu. Mji wa Kale umejaa watu kama yeye. Lakini pesa za rafiki yangu zingepotea vilevile.

Kwa hiyo ukiipenda nyumba, mwache kwanza muuzaji na maneno yake matamu. Mtafute wakili wa Mombasa, si wa mjini kwenu, kwani mambo haya yanataka mtu aliyeyazoea. Kagua daftari la ardhi kwenye ofisi ya usajili ujue hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Uliza Tume ya Wakfu. Uliza risiti za kodi ya kaunti, maana deni la miaka ishirini huuzwa pamoja na nyumba. Muuzaji akiwa ana mke au mume, hakikisha mwenzake amekubali. Halafu keti barazani na majirani. Msajili wa ardhi anajua kilichoandikwa. Jirani anajua kile ambacho hakikuandikwa.

Mambo yakinyooka, kwa kawaida utaweka asilimia 10 ya bei mkataba unapotiwa sahihi, na kwa vile Mombasa ni mji, utalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Nyumba ya Sh10 milioni ina maana Sh400,000 nyingine mkononi, kabla ya ada ya wakili. Muuzaji naye ana kodi yake ya faida, ambayo tangu 2023 ni asilimia 15, na usishangae akijaribu kukubebesha wewe. Asiye raia wa Kenya, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hawezi kupata zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Kuta zinazopumua

Sasa tuseme umeipata. Usimwite fundi wa saruji.

Nyumba za asili za hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikanishwa kwa chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu kupita kiasi, na ndiyo sababu vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu kama jahazi: mti ndio uliomwamuru mwashi. Kuta ni nene, na ndani kuna ubaridi ambao hutaupata katika fleti yoyote ya Nyali bila mashine. Ukuta huu hunyonya unyevu wa ardhini na wa bahari, kisha chokaa huuachia utoke polepole. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Maji na chumvi hubaki ndani, jiwe linaoza, na baada ya masika kadhaa saruji yako nzuri inaanguka kwa vipande vikubwa pamoja na ngozi ya nyumba. Nyumba nyingi unazoziona zimebabuka ziliharibiwa na watu waliotaka kuzitengeneza.

Tangi la maji juu ya paa ni janga jingine. Lita elfu moja ni uzito wa tani nzima, na boriti za karne iliyopita hazikuahidi kubeba hilo.

Aidha, si nyumba ya kufanya utakavyo. Mji wa Kale umetengwa kuwa eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Makavazi ya Taifa yana ofisi ya kuusimamia. Kuvunja, kuongeza ghorofa, kubadilisha roshani au kung'oa mlango wa nakshi, yote yanahitaji kibali, chao na cha kaunti. Hata rangi ina serikali yake: mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Wako wenye nyumba wanaolalamika kuwa sheria inawakataza kuvunja lakini haiwapi hata mfuko mmoja wa chokaa. Nawaunga mkono katika hilo. Kuhifadhi urithi wa taifa kwa mfuko wa mjane ni jambo la kutazamwa upya. Hata hivyo, ukitembea pale na kuona maghorofa mapya ya vioo na vigae yaliyochomoza katikati ya nyumba za roshani, utaelewa kwa nini sheria iliwekwa, na pia utaelewa kwamba haifuatwi na kila mtu.

Kuishi ni jambo jingine

Wanaopiga picha huondoka saa kumi na mbili. Wewe utabaki, na kuna mambo ya kujua.

Maji ya mfereji huja na kukatika, kama ilivyo katika kisiwa chote cha Mombasa, ambacho hutegemea maji ya mabomba kutoka mbali kama Mzima na Baricho. Utajuana na mwenye mkokoteni wa mitungi ya lita ishirini, na ni vyema ujuane naye vizuri. Gari utaliacha mbali. Tuktuk itakufikisha karibu na mizigo itabebwa na hamali. Usiku wa Machi utalala kwenye roshani ukitafuta upepo. Paka ni wengi na hawana aibu.

Adhana ya alfajiri itakuamsha, na hupaswi kununua hapa ikiwa hilo litakukera. Mwezi wa Ramadhani mtaa hulala mchana na kuamka usiku: baada ya futari maduka hufunguliwa, watoto hucheza hadi karibu na daku, na harufu ya mahamri, kaimati na viazi hutoka kila kona. Mavazi ya heshima si sheria ya kuandikwa ukutani, lakini yataamua kama utaitwa jirani au mgeni. Salamu pia. Sabalkheri asubuhi, masalkheri jioni, shikamoo kwa aliyekuzidi umri. Anayepita barazani kimya atapita kimya miaka yote.

Sitakuficha mabaya. Madawa ya kulevya yamewala vijana wa pwani, na katika baadhi ya vichochoro utawaona wakiwa wamesinzia wamesimama. Wazazi wa huko huwafuatilia wana wao kwa macho ya mwewe. Takataka nazo huchelewa kuzolewa. Lakini mtoto wako akipotea njia, watu watatu watamjua ni wa nani kabla hajaanza kulia, na hilo hulipati katika mtaa wenye lango la umeme na mlinzi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wenyewe wanaondoka. Familia hugawana nyumba hadi kila mmoja akabaki na chumba na nusu. Vijana hujenga Kisauni au Nyali, wengine huenda Uarabuni. Nyumba hukodishwa chumba kwa chumba, na hakuna anayepanda darini kutazama boriti. Fundi wa milango aliye chini hupandishiwa kodi ili chumba chake kiwe duka la vifuniko vya simu. Akihamia Kisauni, mwanawe haingii tena karakana akitoka madrasa. Jirani zetu wa Lamu waliyaona mengine: wageni wenye pesa walinunua nyumba nyingi za mawe huko na Shela, wakazitengeneza kwa uzuri usio na kifani, nazo nyingi hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Nakshi zimebaki, mtoto wa kuzitazama hayupo.

Kwa hiyo, msomaji, ukininong'oneza kwamba unataka nyumba Mji wa Kale kwa ajili ya wikendi na wageni wa kulipa kwa usiku, mimi nitakunyamazia. Ukitaka kuishi huko na wanao, nitakuambia ukodi kwanza mwaka mzima: masika moja, Ramadhani moja na kaskazi moja. Na ukinunua nyumba yenye fundi chini, muulize anataka kubaki kwa kodi gani, kisha ujaribu kuishi na jibu lake.

Rafiki yangu ndivyo alivyofanya. Aliomba uhamisho, akapewa shule kisiwani, na sasa amepanga vyumba viwili juu ya mshona kanzu. Anasema cherehani huanza saa mbili na kwamba Jumamosi hana haja ya saa ya kumwamsha. Akiba yake bado iko kwenye Sacco. Ile nyumba ya madirisha ya buluu haijauzwa; warithi wanane wamekubali, wa Uarabuni wanasubiriwa waje likizo, na yule wa Uingereza amepatikana lakini anataka kuijua bei kwanza. Kila jioni akirudi kazini hupita pale barazani, humpa mzee shikamoo yake na kupokea kikombe kidogo cha kahawa chungu.

"Je, mwanangu," huuliza mzee, "ardhi imesemaje?"

"Bado, baba," hujibu, na huketi.